Kadi za Rehema Kwenye Kaburi la Baba Mdogo

Waliokuwepo siku ile nitawataja kwanza, asije mtu akasema nimetunga au nimepunguza. Alikuwepo Mama mdogo Sikitu, mjane wa marehemu. Alikuwepo Joeli, mtoto wao wa kwanza, aliyekuja kutoka Kitwe, upande wa Zambia, anakofanya kazi. Alikuwepo Nebati, jirani yao, ambaye pale Itaka hakuna kaburi linalochimbwa bila yeye. Alikuwepo Mwinjilisti Aroni na kitabu chake cha ibada. Alikuwepo mdogo wangu Rehema, mwenye kadi. Nilikuwepo mimi Amoni, mwenye mfuko. Na alikuwepo Baba mdogo Jeremia mwenyewe, ndani ya jeneza, ambaye ndiye niliyemkosea kuliko wote na ndiye pekee ambaye hakusema neno. Wengine walikuwa wanakwaya na watu wa Itaka, wengi, wamesimama mpaka katikati ya mibuni, na wote waliona.

Naona haya kuisimulia mpaka leo. Pale Mpemba ninapoziba matairi wananifahamu kama mtu mtaratibu, mtu wa kusalimia na kuendelea na kazi, na hata madereva wa Zambia wanaosubiri foleni ya mpakani wananiita bamudala, yaani mzee, ingawa wengine wamenizidi umri. Huyohuyo bamudala ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kusababisha maiti apandishwe juu baada ya kushushwa kaburini (naomba Mungu niwe pia wa mwisho).

Ili mnielewe lazima nirudi nyuma kidogo. Baba yetu alitangulia, mama akamfuata kabla mahindi ya msimu ule hayajakauka, tukabaki watatu, mimi niko kidato cha pili, Rehema yuko darasa la tatu, na Elia, ambaye sasa yuko Ivuna kwenye kazi ya chumvi, alikuwa bado ananyonya kidole. Baba mdogo Jeremia akaja na mpango wake, Rehema aende naye Itaka, Elia apelekwe kwa shangazi, mimi nimalize shule halafu nijitegemee. Ulikuwa mpango wa mtu mzima aliyekaa akafikiri, hilo naliona sasa. Lakini mimi nilikuwa nimemwahidi mama kitandani kwamba hatutagawanywa, na nilikuwa na umri ule ambao mtu anadhani ahadi inatimizwa kwa kupaza sauti, basi nikasimama mbele ya wazee wa ukoo nikamwambia Baba mdogo kwamba yeye hatafuti watoto, anatafuta vibarua wa kuchuma kahawa yake. Alichukua kofia yake akaondoka, na hakukanyaga tena kwetu, nami sikukanyaga kwake. Niliacha shule, nikajifunza kuziba matairi, wadogo zangu wakala, wakasoma, na miaka ikapita hivyo, kila mmoja akisikia habari za mwenzake kwa watu.

Sasa Rehema akamaliza chuo kikuu, kasomea mambo ya misitu, na mwalimu wake mmoja akamwambia ana kichwa cha kwenda kusoma shahada ya pili nje, ila lazima kwanza afanye mtihani fulani wa Kiingereza na hesabu ambao vyuo vya huko vinautaka. Hesabu hazikumtisha. Kilichomtisha ni maneno. Alinieleza kwamba mtihani ule una maneno ambayo hata Waingereza wenyewe hawayasemi wakiwa nyumbani, na njia ya kuyakamata ni kuandika kila neno kwenye kadi, Kiingereza upande mmoja na maana yake upande wa pili, kisha mtu akuoneshe upande mmoja nawe useme ulioko nyuma, tena na tena, mpaka neno likae.

Mtu huyo nikawa mimi. Nilinunua karatasi ngumu za manila mjini Tunduma, nikazikata kwa kisu changu cha kazi, yeye akaandika, na maana akaziandika kwa Kiswahili ili mimi niweze kumsahihisha, maana Kiingereza changu kinaishia kwenye upepo wa tairi na habari ya safari. Jioni, kazi zikipungua, anakaa kwenye rimu kuukuu ya gari, mimi nanyanyua kadi. Siwezi kulitamka neno, namwonesha tu. Anasema maana, nageuza, natazama, nasema ndiyo au bado. Nilipenda sana kazi ile, siwafichi. Niliacha shule nikiwa na njaa ya shule, na sasa shule ilikuwa imenifuata mpaka kwenye matairi. Kadi zikazidi, zikawa furushi, nami nikakata ukanda wa tyubu mweusi nikazifunga, nikazizungushia mara kadhaa kama ninavyofunga kila kitu changu (kumbukeni ukanda huo mweusi, maana watu wa Itaka waliukumbuka vizuri).

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, Rehema akitakiwa kusafiri Jumamosi kwenda Dar es Salaam, simu ikaja kwamba Baba mdogo amefariki. Nilidhani tutapewa taarifa tu, kama mtu anavyopewa taarifa. Lakini baadaye Mama mdogo Sikitu akapiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia. Akaniambia, "Mwanangu, yaliyopita ninyi wanaume mtajuana. Baba yako angekuwepo ndiye angetupa udongo wa kwanza baada ya watoto. Njoo utupe kwa niaba yake."

Mnaelewa alichokuwa ananipa. Alikuwa anaufungua mlango ambao mimi niliufunga kwa mdomo wangu, na anaufungua mbele ya ukoo mzima, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuufunga tena. Na Rehema alikuwa anakwenda mbali, na mtu anayekwenda mbali lazima awe na kwao, na kwao hakuwezi kuwa kibanda cha fundi matairi kando ya barabara kuu, ni Itaka, alikozikwa babu na baba na mama. Nilitaka aondoke akiwa na watu nyuma yake. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka siku ile, na ndilo nililokwenda kuliharibu.

Asubuhi ya Alhamisi tulipokuwa tunatoka, Rehema aliziacha kadi juu ya meza. Nikamuuliza vipi, akasema, kaka, tunakwenda kuzika, leo tuache. Akili ya kawaida kabisa. Lakini mimi, mtu wa kubana muda, nikafikiri ile safari ya lori la Kanta kutoka Mpemba mpaka Itaka, kwenda na kurudi, ni masaa yanayopotea bure, na mtihani ni Jumatatu. Nikalichukua furushi nikalitia kwenye mfuko wa ndani wa koti la suti la marehemu baba, koti ambalo ni kubwa kwangu, mfuko wake umelegea kama mdomo wa mzee, nikamwambia tutasoma njiani. Hatukusoma hata neno moja. Juu ya Kanta kulikuwa na akina mama wanaimba nyimbo za msiba, nani angetoa kadi. Tulipofika nikazisahau, nikaingia kwenye turubai, nikapeana mikono na watu ambao sikuwaona tangu utotoni, wengine wakinishika mkono kwa nguvu kama wanaosema karibu, wengine wakinigusa vidole tu.

Joeli alinigusa vidole. Aliniambia pole na safari, nikamwambia poleni na msiba, na tukaishia hapo.

Ibada ilikwenda vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo mwekundu wa kule mnaujua, unashika kiatu kama deni, na kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri, pembe zake zimenyooka. Nebati na mwenzake walikuwa ndani kupokea jeneza. Likashushwa kwa kamba, kamba zikavutwa nje, mwenzake akapanda, Nebati akabaki kuliweka sawa upande wa kichwani. Mwinjilisti Aroni akasoma maneno ya mavumbi kwa mavumbi. Akaita mjane, akaita watoto, kisha akasema sasa anaitwa mtoto wa kaka mkubwa wa marehemu, Amoni, atupe udongo kwa niaba ya baba yake. Hata waliokuwa wananong'ona huko nyuma kwenye mibuni waliacha. Nikasogea. Nikaona Mama mdogo ananiangalia, akainamisha kichwa kidogo kunitia moyo.

Nikainama kuchukua udongo. Koti likafunguka, likaning'inia, na furushi la kadi likateleza kutoka mfukoni.

Ningeliacha lianguke lizima, pengine lingekuwa jambo dogo. Lakini mkono wangu umezoea kudaka spana zinazoanguka, ukalidaka hewani, ukaushika ule ukanda badala ya kadi, ukanda ukakatika, na kadi zikatawanyika kama unavyomwagia kuku mahindi, juu ya jeneza, pembeni ya jeneza, kwenye matope, nami nimebaki nimeshika ukanda mweusi mkononi mbele ya watu wote. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukaita kwa sauti kubwa, "Rehema!" Kwenye kaburi la Jeremia naita Rehema.

Joeli akaniuliza, "Ni nini hicho?"

Hapo ndipo ningesema, ni kadi za kusomea za mdogo wangu, nisameheni. Maneno machache tu. Badala yake nikasema, "Hamna kitu." Mtu ameshika ukanda mweusi juu ya kaburi, vitu vyake vimejaa juu ya jeneza, anasema hamna kitu. Nikauficha ule ukanda nyuma ya mgongo, nikawa nimejimaliza.

Sasa Nebati, ambaye alikuwa chini na hakuona zimetoka wapi, akaokota moja. Kwetu, kwenye misiba, watu wanaoleta mashada huweka na kadi ya rambirambi, na anayeipata huisoma kwa sauti ili kila mtu ajue nani amesema nini kwa marehemu. Nebati ni mtu wa watu. Akaona kadi, nyeupe, maandishi mazuri ya mkono, akajua ni rambirambi. Akaifuta tope kwenye suruali, akakohoa, akasoma kwa sauti ile ya matangazo, "Chuki ya siku nyingi."

Yeye mwenyewe alidhani amesoma vibaya, akaiweka, akachukua nyingine kuona kama hiyo itakuwa nzuri zaidi. "Kumtakia mtu mabaya." Akatazama juu, akatutazama, na bado, sijui kwa nini, labda mazoea, akachukua ya tatu. "Kufurahia balaa la mwenzako."

Yale maneno ya mtihani bwana, sijui waliotunga mtihani ule wana ugomvi na nani. Katika kadi zote zile kulikuwa na maneno ya upole pia, nayafahamu, niliyanyanyua mwenyewe jioni nyingi, lakini siku ile hakuna neno la upole lililoanguka na uso juu.

Akina mama walianza kusogea nyuma wakivuta watoto. Nilisikia mtu nyuma yangu anasema kwa Kinyiha jambo ambalo sitalitafsiri. Joeli alinijia mpaka karibu, hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, "Ulimkataa akiwa hai. Sasa umemletea na kifurushi chake cha kwenda nacho." Na mtu mwingine akasema tazameni ule ukanda, amefunga na ukanda mweusi, na jina la mwanamke kalitaja pale juu ya kaburi, mmesikia wenyewe. Kila nilichofanya kilikuwa kimepata maana, na maana zote zilikuwa mbaya.

Nilijaribu kueleza. Nikasema ni za mtihani. Joeli akauliza mtihani gani, wewe uliacha shule. Nikasema si wangu, ni wa mdogo wangu, wa kwenda kusoma nje, maneno yanaandikwa upande huu na maana upande ule, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mimi mwenyewe nikitoa hadithi ambayo hata mimi nisingeiamini. Mtu anasoma vipi kwa kuandika chuki kwenye karatasi na kuifunga kwa mpira.

Rehema akatoka kwa wanawake. Kwa kawaida msichana hasogei pale wanaume wanapobishana juu ya kaburi, lakini alikuja moja kwa moja, kanga imemtoka kichwani, akapiga magoti kwenye tope mbele ya Mama mdogo. Akasema, "Mama, maandishi ni yangu. Ni maneno ya mtihani. Hakuna hata moja linalomhusu Baba."

Mama mdogo hajui kusoma, hilo kila mtu analijua na yeye halifichi. Alimtazama Rehema, akasema, "Kama ni ya mtihani, basi aulizwe. Tuone."

Ndivyo ilivyokuwa. Nebati akakusanya kadi alizoziona, akampa Mwinjilisti Aroni, naye akafunga kitabu chake cha ibada, akakiweka kwapani, akaanza kufanya kazi ile niliyokuwa nafanya mimi kwenye rimu kuukuu. Ananyanyua kadi, upande wa Kiingereza kwa Rehema, jeneza liko chini halijafunikwa, na Rehema, amepiga magoti, anajibu. Alipooneshwa ile ya kwanza akafumba macho. Alijua maana yake, na alijua lazima aiseme. Akasema polepole, "Chuki ya siku nyingi." Mwinjilisti akageuza, akatikisa kichwa kukubali. Nyingine. "Kumtakia mtu mabaya." Nyingine. "Yenye sumu." Nyingine, "Mtu asiyetubu." Kila moja sahihi, na kila moja inatua juu ya marehemu kama jiwe, na badala ya watu kutulia niliona nyuso zinazidi kukaza, kwa sababu alikuwa anayajua mno. Joeli akasema, "Si mnaona? Ameyashika yote."

Mwinjilisti akanyanyua nyingine. Rehema akaitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilikuwa naiona kwa nyuma, ilikuwa ile ya mtu mwenye kubana matumizi, neno ambalo lilimshinda tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nikimtania kwamba analikimbia kwa sababu linanihusu kaka yake. Nilitaka kumwambia. Akajaribu tena, machozi yakaanza kumtoka, siyo ya msiba, ni yale ya mtoto aliyekwama ubaoni, akasema, "Hili sijalishika. Kila siku nalisahau."

Kisha Mama mdogo akasema, na ndiyo sauti niliyoisikia kwa uzuri kuliko zote siku ile, "Mchawi gani anasahau maneno yake mwenyewe? Huyu ni mwanafunzi. Mnyanyueni."

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo, na wengine wakapumua. Mwinjilisti akamgeuzia Rehema ile kadi akamwonesha jibu, bila kufikiri, kama mwalimu. Nilidhani yameisha. Nikaanza hata kutafuta pa kuutupa ule ukanda.

Hayakuisha. Mama mdogo akasema anaamini ni shule. Lakini kuna nyingine zimeteleza pembeni, Nebati ameziona zinaingia chini ya jeneza, na mkono wake haufiki. Na kwetu, mnajua, kitu cha mtu mzima wa afya hakizikwi na maiti, hata kifungo cha shati, maana kitamwita mwenyewe. Zile zilikuwa na mwandiko wa Rehema. Mama mdogo akasema, "Sitamfunika mwanangu nusu. Na wala sitamlaza mume wangu na maneno yale mgongoni. Toeni."

Maana yake jeneza lipandishwe.

Joeli akanitazama, akasema taratibu, "Aliyeangusha ndiye aingie."

Niliingia. Na koti la baba, na viatu nilivyopaka rangi asubuhi. Nebati akanionesha namna ya kupitisha kamba, tukapitisha, wanaume wanane au kumi wakashika juu, na jeneza la Baba mdogo Jeremia, ambalo lilikuwa limeshapokea udongo wa mjane na wa watoto wake, likaanza kupanda tena polepole, ule udongo ukiporomoka na kuniangukia kichwani. Kule juu akina mama wakaanza kulia upya, wengine kwa kweli kabisa, kama amekufa mara ya pili. Sijui kama kuna aibu nyingine ya kulinganisha. Nimewahi kuchekwa, nimewahi kufukuzwa, lakini kusikia mjane analia upya kwa sababu yako, wewe ukiwa umechutama kwenye kaburi la mume wake unapapasa matope kutafuta karatasi, hiyo ni nyingine.

Nilizipata. Zilikuwa zimelowa. Nikazitia kifuani, siyo mfukoni tena. Nikasema juu kwamba hakuna nyingine, wakaanza kulishusha, mimi na Nebati tukilipokea, mimi upande wa kichwani. Lilipokaa nilikuwa nimeinama juu yake, uso wangu karibu na mbao, na pale chini hakukuwa na mtu wa kuniangalia ila Nebati ambaye alikuwa ananyoosha kamba. Nikasema, "Shikamoo, Baba mdogo." Sikuwa nimepanga. Ilinitoka tu. Nilikuwa sijampa shikamoo yake tangu siku ile alipochukua kofia.

Nilipotaka kupanda sikuweza. Udongo ulikuwa unateleza, nikajaribu mara ya kwanza nikarudi chini, mara ya pili koti likachanika mgongoni kutoka kwenye kola mpaka chini, sauti ikasikika vizuri. Hakuna aliyecheka, na kutocheka kwao kulikuwa kubaya zaidi. Ndipo ukaja mpini wa chepe mbele ya uso wangu. Nikaushika, nikavutwa. Alikuwa Joeli. Alininyooshea mpini, hakuninyooshea mkono, lakini alinivuta mpaka nikasimama juu, kisha akaniachia lile chepe mikononi, akasema, "Fukia."

Nilifukia. Wenzangu walipokezana, mimi sikupokewa wala sikuomba. Udongo wa baba sikumbuki kama niliutupa kama desturi inavyotaka, kwa mkono. Nadhani niliutupa wote kwa chepe.

Baada ya kunawa, wanaume tukiwa tumekaa kwenye moto, nikaitwa mbele ya ukoo. Walizungumza kwa upole, hilo lazima niseme. Wakakubaliana kwamba hakukuwa na uovu, ila marehemu amesumbuliwa na mjane ameaibishwa, kwa hiyo kuna deni. Mbuzi mmoja dume. Aletwe na wawili, mwenye mfuko na mwenye maneno, kwa sababu mfuko ndio ulioangusha na mdomo wa Rehema ndio ulioyasema yale maneno juu ya kaburi. Na aliwe pamoja na Joeli, sahani moja, mbele ya watu, ndipo mambo yote, ya leo na ya zamani, yafungwe. Nilielewa. Mlango bado ulikuwa wazi, ila sasa nilipaswa kuupita nikiwa na mbuzi, tena tukiwa wawili.

Walitaka tulete Jumapili, siku ya kumaliza msiba. Nikasema Rehema anasafiri Jumamosi, mtihani ni Jumatatu. Joeli akatikisa kichwa, akauliza kama huo mtihani hauwezi kungoja. Mama mdogo ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, hakuwa hata ameitwa. Akasema, "Mwache aende. Amefanyishwa mtihani kwenye kaburi la mume wangu, halafu akaufanye huo mwingine vibaya? Aende. Deni halina miguu, litamkuta."

Rehema alikwenda na kadi zile zikiwa zimekauka na tope jekundu pembeni. Alifaulu. Barua zikaja, na karatasi nyingine nyingi, na Joeli akawa amesharudi Kitwe, ambako hatoki kuja nyumbani ila Krismasi, na kabla ya Krismasi Rehema akawa amepanda ndege. Alilia uwanjani kwa sababu ya lile deni, si kwa sababu nyingine, hivyo ndivyo alivyonieleza kwenye simu, nami nilimwambia asiwaze, kaka yako atalibeba. Ndivyo nilivyozoea kumwambia juu ya kila kitu.

Krismasi ilipofika nikapakia mbuzi kwenye gari, nikaenda Itaka peke yangu. Joeli alinipokea vizuri kuliko siku ya msiba. Alimzunguka yule mbuzi, akampapasa mgongo, akamsifu. Kisha akaniuliza, "Mbuzi nimemwona. Mwenye maneno yuko wapi?" Nikamweleza. Akasema basi, hakuna haraka, ila si sawa kula nusu. Nililala pale siku moja, nikala ugali wao na kande zao, hakuna aliyeninyima kitu, ila sahani yangu ilikuja peke yake. Asubuhi nikarudi Mpemba na mbuzi wangu.

Siku hizi siendi kwenye msiba wa mtu kabla sijageuza mifuko yangu yote nje, hata ya suruali, na nikialikwa kutupa udongo naacha koti mbali. Watu wananiona wa ajabu. Wala simfundishi mtu kuhusu kuokoa muda tena, kuna muda ambao ukiuokoa unakugharimu.

Mbuzi nimemfunga nyuma ya matairi. Amenenepa, ana ndevu, anakula majani ya migomba na maboksi. Madereva wanaokaa foleni wanamtamani, wengine wanashuka kabisa kumtazama na kutaja bei, nawaambia huyu ana wenyewe. Rehema bado anasoma, na nauli ya kuja na kurudi si ya kuchezea. Kila mwezi Mama mdogo hunipigia. Hanisumbui. Huuliza habari za kazi, habari za Elia, kisha huuliza mbuzi hajambo, namjibu hajambo, Mama. Huuliza na mwenzako je, namjibu anasoma. Husema, "Haya. Mlishe vizuri."